Mizizi ya Meza ya Saba

Alhamisi ya pili ya Machi, saa sita na dakika kumi mchana, Bi Notburga Sedlacek alirudisha supu ya boga kwa mara ya pili. Alisema imezidi chumvi. Kajetan, mhudumu mkuu wa mkahawa wa Shada la Kijani, aliichukua, akaenda nayo hadi nyuma ya pazia la jikoni, akahesabu hadi ishirini, akamrudishia ileile.

"Hii sasa ndiyo supu," alisema Bi Sedlacek baada ya kuonja.

"Ulimi wa Bi Daktari si wa kawaida," alisema Kajetan. "Siku moja watauweka kwenye chupa wanafunzi wautazame."

Aliitwa Bi Daktari kwa sababu marehemu mumewe alikuwa daktari wa meno, na mjini Vienna cheo cha mume hakizikwi pamoja naye. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Kwa miaka hamsini na mmoja alikuwa amekula chakula cha mchana kwenye meza ya saba, dirishani, mahali ambapo glasi hulialia kila tramu inapopita. Kajetan alikuwa amemhudumia miaka ishirini na sita kati ya hiyo, na hawakuwahi kuambiana neno jema. Wala haikuwa ajabu. Mkahawa huo ulisifika kwa mambo mawili: tangu mwaka 1897 haujaingiza nyama, hata mfupa mmoja, na hakuna mteja aliyewahi kuchekewa mlangoni.

Siku hiyo alikuja mezani mwenye mkahawa mwenyewe, Ruprecht Zwettler, kitukuu wa mwanzilishi. Hakuketi.

"Bi Daktari, meza hii ni ya watu wanne," alisema. "Wewe ni mmoja."

"Nimekuwa mmoja tangu mume wangu afe. Leo ndio umejua kuhesabu?"

"Kuanzia kesho utakaa kule nyuma, karibu na makoti. Wageni wanapenda dirisha."

"Karibu na choo, unataka kusema."

"Karibu na makoti na choo."

Bi Sedlacek alipangusa mdomo. Alisema kwamba hatainuka. Zwettler alisema sawa, saa tisa wanafunga, atainuka tu. Akaenda zake. Bi Sedlacek aliagiza kababu za dengu na saladi ya viazi, akala polepole, na wengine walipolipa na kuchukua makoti yao yeye alibaki ameketi, mkoba mapajani, akitazama tramu.

Saa tisa Kajetan alimshika kiwiko. Hakuinuka. Alimshika viwiko vyote viwili, hakuinuka. Ndipo akapiga magoti na kutazama chini ya meza. Mizizi ilikuwa imetoka kwenye soli za viatu vya bibi huyo, myeupe, minene kama kidole, ikaingia katikati ya mbao za sakafu.

"Ameota," Kajetan alimwambia bosi wake.

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha."

Zwettler alitazama, akauma mdomo, akasema watalishughulikia kesho. Kajetan alimfunika Bi Sedlacek mabega kwa kitambaa cha meza, si kwa huruma bali kwa sababu dirisha hilo lilipitisha baridi na asingependa kusumbuliwa na kikohozi chake siku inayofuata. Kisha walifunga mlango.

Ijumaa mchana, mbele ya wateja, Kajetan alileta kisu cha mkate na kukata mzizi mmoja mdogo. Hakikutoka kitu ila maji kidogo. Bi Sedlacek alisema inauma kama jino. Mwalimu mstaafu wa meza ya tano aliweka uma chini.

"Bwana Zwettler," alisema, "hatukuja hapa kuangalia kitu kilicho hai kikikatwa."

"Na hiyo kabichi yako, mwalimu?"

"Hii imeshakufa. Tena imekufa jikoni, siyo mbele yangu."

Wateja wengine walimuunga mkono kwa kugonga vijiko mezani, na kisu kikarudishwa. Zwettler alikuwa mtu wa kuchukia watu lakini aliwaogopa wakiwa wengi.

Kufikia wiki ya tatu mizizi ilikuwa imepenya mbao, ikapenya saruji, ikatokeza kwenye dari ya stoo ya chini. Humo aliishi Rodica. Alikuwa na miaka thelathini na minne, kwao ni kijiji kimoja cha Moldova kando ya mto Prut, na aliletwa Vienna kwa ahadi ya kazi ya kuhudumia meza. Meza hajawahi kuihudumia. Alimenya viazi, aliosha masufuria, na alilala kwenye kitanda cha kukunja nyuma ya makreti, chini ya balbu moja, katika chumba kisicho na dirisha. Pasipoti yake ilikaa kwenye droo ya Zwettler, kwa usalama. Mlango wa stoo ulifungwa kwa nje na Kajetan kila siku baada ya kazi, nao ni kwa usalama. Hakuna mteja aliyewahi kumwona.

Lipu ya dari ilipoanza kumdondokea usoni, Rodica alichemsha birika akaimwagia ile mizizi.

Juu, Bi Sedlacek aliweka kijiko chini. "Kuna mtu amenimwagia maji ya moto miguuni."

"Huko chini hakuna mtu," alisema Kajetan.

"Yupo. Ana kilo hamsini hivi, na anaburuta mguu wa kushoto."

Kajetan alimtazama, akatazama sakafu, akaenda kuchukua oda ya meza nyingine. Mguu wa kushoto wa Rodica uliharibika mwaka uliopita, kreti la viazi lilipomwangukia. Zwettler alimpa siku moja ya kupumzika.

Mizizi iliponenepa ilipanua ufa kati ya mbao mbili, na siku moja wakati wa mapumziko ya jikoni sauti ikatokea humo. Kijerumani cha Rodica kilikuwa cha jikoni. Sehemu kubwa ya maneno aliyoyajua ni yale aliyoamrishwa kwayo.

"We mama wa juu. Toa miguu yako kitandani kwangu."

"Kwanza, mimi ni Bi Daktari. Pili, kitanda kinafanya nini kwenye stoo ya viazi?"

"Kinalaliwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Mwaka wa tatu huu. Vuta mizizi yako, ama nakumwagia tena."

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Na leo yana sabuni."

Bi Sedlacek aliuinamia ufa. "Kwa nini hukodi chumba kama watu?"

"Muulize mwenye ufunguo."

Mwanzoni Bi Sedlacek hakumwonea huruma. Alichukia tu, kama mtu anayegundua kwamba nyumbani kwake kuna mgeni na hakuambiwa. Lakini mizizi haikumwachia nafasi ya kutojua. Kupitia miguu yake alijua Rodica anasimama kuanzia saa kumi na moja alfajiri, alijua anaketi mara mbili tu kwa siku, alijua siku ambazo mguu umevimba. Alijua pia ladha ya machozi yalipodondoka sakafuni, na ladha hiyo hakuipenda. Ilimharibia hamu ya saladi ya viazi, ambayo alikuwa ameila miaka hamsini na mmoja bila kujiuliza nani anamenya.

"Kata kidogo mzizi huo wa ubavuni, nitavumilia," alisema siku moja kwenye ufa. "Upate pa kuweka kichwa."

"Nimeshaukata juzi," alisema Rodica. "Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Kajetan?"

Rodica alicheka kidogo, kicheko kibaya, lakini kilikuwa kicheko.

Mwezi wa Aprili Zwettler alimwita afisa wa majengo wa manispaa, bwana mmoja mkavu aitwaye Haubner, kwa sababu sakafu ya meza ya saba ilikuwa imeinuka na viti vya meza ya nane vikiyumba. Haubner alikagua juu, kisha akashuka stooni na utepe wake. Mzizi mnene kuliko yote ulikuwa sentimita kumi na moja. Kitanda kilimzuia kupima wa pili, akamwomba Rodica akisogeze, Rodica akakisogeza, naye Haubner akamshukuru kwa adabu na kupima.

Aliporudi juu, Bi Sedlacek alikuwa anamngoja. Hakuwa na njia nyingine ila kumngoja, lakini alikuwa amevaa lulu zake.

"Umemwona?"

"Nimeona mizizi, Bi Daktari. Iko imara."

"Nakuuliza mwanamke. Anafungiwa humo. Pasipoti yake iko kwenye droo ya huyu bwana."

Haubner aliangalia fomu yake, upande wa mbele na wa nyuma. "Mimi nahusika na sakafu, kuta na dari. Watu wana ofisi yao. Inafunguliwa Jumanne asubuhi, na mhusika anatakiwa kufika mwenyewe."

"Afikeje, na amefungiwa?"

"Basi aandike barua."

"Rodica ni kama mtu wa familia," alisema Zwettler. "Anapenda utulivu."

Haubner alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya fomu zake. Aliinama kwenye ufa, akauliza kwa sauti kama bibi aliye huko chini ana malalamiko yoyote. Zwettler alisogea, akasimama pale pale, ncha ya kiatu chake ikiziba nusu ya ufa. Wateja waliacha kutafuna.

"Sina," sauti ilijibu. "Nilikuwa nimejilaza kidogo tu."

Haubner aliandika: mmea wa ndani, hauhatarishi jengo, uachwe. Akapiga muhuri kwenye ukingo wa meza ya saba, kando ya chupa ya siki, akaondoka. Vijiko vikaanza tena.

Siku iliyofuata Rodica alizungumza kupitia ufa kabla hata ya kuulizwa.

"Nani alikutuma?"

"Nilikuwa nakusaidia."

"Ungenisaidia kwa kunyamaza. Amechukua redio yangu. Na Kajetan ameambiwa afunge mlango hata mchana."

"Ulisema huna malalamiko. Ulikuwa na nafasi."

"Nafasi ipi? Yule angemaliza kupima, angeenda kwake. Wewe ungebaki dirishani. Mimi ningebaki na nani humu?"

Mchana huo Bi Sedlacek hakurudisha supu. Aliomba kalamu, akaandika nyuma ya karatasi mbili za vyakula barua ya kurasa mbili kwa ile ofisi ya Jumanne. Aliandika mguu wa kushoto, makreti, droo, ufunguo na saa za kusimama, kwa mwandiko wa shule za zamani. Alimwomba mwalimu wa meza ya tano aipeleke. Mwalimu aliisoma yote, akasema ni barua iliyoandikwa vizuri, lakini yeye huja hapa kula, na mtu akianza kuchanganya mambo hataweza kula popote. Akairudisha. Bi Sedlacek akampa Kajetan.

"Nitaitumbukiza kwenye sanduku la posta nikienda nyumbani," alisema Kajetan.

"Kajetan. Katika maisha yako uliwahi kunifanyia jambo lolote?"

"Nilikufunika kitambaa, Bi Daktari."

Kajetan aliipeleka ofisini kwa bosi wake. Zwettler aliisoma akiwa amesimama, akasahihisha kosa moja la tahajia kwa wino mwekundu, akaiweka kwenye droo, juu ya pasipoti.

Mei ilipoingia, Bi Sedlacek alichipua majani. Yalianzia kwenye kola ya blauzi, kisha mikononi, madogo, ya kijani iliyokolea, na yaliugeukia mwanga wa dirisha. Mpishi alionja jani moja akasema ni chungu lakini likitiwa mafuta ya mbegu za boga linakubalika. Watu walianza kuja kutoka mitaa ya mbali. Zwettler, ambaye alitaka kumhamishia chooni, alizungushia meza ya saba kamba ya rangi ya zabibu iliyofungwa kwenye vigingi vya shaba, na akachapisha kadi mpya za vyakula zenye maneno: Tangu 1897, tuna mizizi. Meza za jirani zilikuwa za kuwekewa nafasi wiki mbili kabla. Watoto waliruhusiwa kumgusa kiganja. Aliwafinya waliochelewa kuachia.

Joto lilipozidi alianza kunyauka ncha. Mtunza bustani mmoja alisema anahitaji ndoo mbili za maji kila siku kabla ya saa sita. Kajetan alisema mgongo wake haubebi ndoo. Kwa hiyo kazi hiyo alipewa Rodica, ambaye sasa aliamka mapema zaidi kwa saa moja ili viazi visichelewe.

Asubuhi ya kwanza Kajetan alimfungulia mlango, akasimama kwenye ngazi na ufunguo mkononi. Rodica alipanda na ndoo, akiburuta mguu. Mkahawa ulikuwa mtupu. Jua lilikuwa limejaa dirishani, na Rodica alisimama kidogo macho yakiwa yamefumbwa, kwa sababu hakuwa ameliona tangu Aprili. Kisha akaivuka ile kamba.

Bi Sedlacek alimtazama. Rodica alikuwa mfupi kuliko alivyomdhania kwa hatua zake.

"Niliandika barua," alisema.

"Nani aliijibu?"

"Bado."

Rodica alipiga magoti, akamwaga maji polepole kuzunguka viatu vyake, ambavyo sasa vilikuwa vimepasuka kabisa. Alimwaga vizuri, bila kulowanisha soksi. Alipofika upande wa pili alichuma majani makavu matatu kwenye pindo la sketi, akayatia mfukoni mwa aproni.

"Inatosha?" aliuliza.

Bi Sedlacek alisikia maji yakishuka, yakipita mbao, yakipita saruji, yakienda kudondoka juu ya kile kitanda. Alitaka kusema inatosha. Lakini siku ilikuwa ya joto na mizizi ilikuwa na kiu.

"Ongeza kidogo," alisema.

Rodica aliongeza. Kisha akashuka na ndoo tupu kwenda kujaza ya pili, na Kajetan, ambaye hakupenda kusubiri, alimhimiza kwa kuchezesha ufunguo.