Kiti Kilichokuja Kutibiwa

Mvua ilipopiga, chumba cha Mshauri wa nasaha chuoni kilivuja pembe mbili, na kwa kuwa ndoo ilikuwa moja, aliiweka upande wa mgeni. Upande wake uliloa. Chumba chenyewe kilibanwa nyuma ya karakana ya seremala, kati ya rundo la mbao na choo kisichofungika, na chuo kilimpa kwa sababu hata panya walikwisha kukikataa.

Lakini kilikuwa na baraka moja. Hakuna aliyeweza kuapa kwamba ukielekea kule unakwenda kwa Mshauri. Wanafunzi waliligundua hilo kabla yake. Mwenye lake moyoni alibeba kiti kibovu kutoka darasani, akakatiza uwanja mchana kweupe, na aliyemwuliza alijibiwa, "Nakipeleka kwa fundi." Chuo kile viti vilivunjika kuliko ahadi za wagombea, basi nani angeshtuka? Inasemekana mitihani ilipokaribia msururu wa viti ulifika hadi maktaba, na seremala akaomba likizo kwa hofu. Nusu ya hiyo ni chumvi. Nusu iliyobaki inatosha.

Seremala alijua. Kiti kikiingia, aliuliza bila kuinua macho kwenye randa yake:

"Mguu au moyo?"

Aliyejibu mguu alibaki naye. Aliyenyamaza alioneshwa mlango wa nyuma kwa kidevu.

Siku ile ya mvua aliingia Ngongoti. Walimwita hivyo kwa urefu wake. Akisimama, balbu ilimgonga kipaji cha uso. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tatu, na kiti chake kilikuwa kile kile cha siku zote, cha miguu mitatu. Mguu wa nne aliung'oa mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu hajambo?" Mshauri alikitazama kiti.

"Bado anachechemea." Ngongoti alicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Juzi nilitoka tena, katikati ya jaribio. Nikasingizia tumbo, nikaenda chooni kupiga simu nyumbani."

"Akapokea nani?"

"Mama mzazi. Akaniuliza mbona nahema. Nikamwambia nimepanda ngazi."

Mshauri hakuhitaji zaidi, kisa alikijua. Ngongoti alipokuwa mwaka wa kwanza, baba yake alifariki wiki ya mitihani. Ukoo ukakaa kikao, ukaamua kijana asiambiwe, asije akaharibu. Mjomba alimpigia kila jioni: huku wote wazima, wewe soma tu. Akasoma, akamaliza, akaenda nyumbani na shati jipya la kumpa baba, akakuta kaburi limeshaota majani. Tangu hapo, kila alipogeuza karatasi ya mtihani, alikuwa na hakika kuna mtu kwao anakata roho.

"Ningeweza kukuombea uahirishe," Mshauri alisema.

"Halafu wakiuliza ninaumwa nini?"

Kitivo cha udaktari kilikuwa na kamati ya kupima utimamu wa akili za wanafunzi. Mwaka uliopita binti mmoja alikiri mbele ya kamati hiyo kwamba usiku hapati usingizi, basi. Sasa alikuwa anamsaidia shangazi yake dukani.

"Mtihani ni Jumatatu," Ngongoti alisema. "Nikitoka tena, nimekwisha."

"Njoo Ijumaa. Tutafanya mazoezi ya kukaa mpaka mwisho, mimi na wewe na huyu kilema."

Lakini keshoye alikuja Mkuu wa Wanafunzi, mwanamume wa manukato mengi na subira kidogo.

"Daktari, hongera! Unahama."

"Nahamia wapi?"

"Jengo la utawala, chini, mkabala na lango kuu. Wafadhili wametujengea. Vioo juu mpaka chini!"

"Mkuu, watu wangu huja kwa kujificha."

"Ndilo tatizo lenyewe. Aibu hutibiwa kwa uwazi. Msomi ni wewe, sasa mimi nikufundishe?"

"Basi nipatie pazia."

"Pazia! Wafadhili waone nini, kitambaa?" Aliisogeza ndoo kwa ncha ya kiatu. "Hapa shemeji yangu ataweka mashine za kunakili. Si mimi niliyepanga, ni kamati."

"Na nisipohama?"

"Mkataba wako unaisha lini vile?" aliuliza kwa upole, kama anayejulia hali watoto.

Alihama. Juu ya mlango walitundika bango: KARIBU TUKUSAIDIE AKILI. Utepe ukakatwa, makofi yakapigwa, na baada ya hapo hakuna aliyekanyaga. Wanafunzi walipita mbele ya vioo wakikaza shingo kama askari wa gwaride, naye ndani akikaa mikono mapajani, samaki wa tangi. Alimtuma seremala amwambie yule wa miguu mitatu angojee karakanani Ijumaa, atamfuata huko. Seremala akakubali. Ijumaa asubuhi seremala akaitwa mjini kupigilia rafu za shemeji wa Mkuu, na karakana ikafungwa.

Ngongoti alikuta kufuli. Akasimama kidogo na kiti chake begani, kisha akashika njia ya utawala. Njia nyingine ya kumfikia Mshauri hakuwa nayo.

"Wee mrefu!" Mlinzi alimkingia rungu. "Hicho kiti wapi?"

"Kwa fundi."

"Fundi yuko nyuma, wewe unaelekea langoni. Unaniona mtoto wa juzi?"

Mkuu wa Wanafunzi alisikia, akatoka. Mshauri aliona yote kupitia kioo, akatoka pia.

"Daktari," Mkuu alisema kwa sauti ya kusikika, "unamfahamu huyu? Ni wako?"

Ngazini walikuwa wamesimama wenzake wa kitivo na makoti yao meupe. Ngongoti hakutikisa kichwa. Alimkazia macho Mshauri tu.

Mshauri alifungua mdomo.

"Nilikuwa nakwenda kukiuza," Ngongoti akamwahi.

Mlinzi alikipindua kiti. "Cha miguu mitatu? Anunue nani?"

"Mwenye shida."

Makoti meupe yakacheka. Mkuu hakucheka. Mshauri alibaki na mdomo wazi, kisha akaufunga.

Kamati ya nidhamu ilikaa Jumatatu, saa ile ile ya mtihani. Wizi wa mali ya chuo: asimamishwe mwaka mzima. Mshauri alimngojea kwenye ujia.

"Bado naweza kuingia nikasema ukweli, mwanangu."

"Usiseme, mama. Mwizi anarudi mwakani. Mwendawazimu harudi." Ngongoti aliinama chini ya kizingiti ambacho wala kisingemgusa. "Isitoshe, mwaka mzima sina mtihani. Nyumbani watapumzika kufa."

Mshauri alingoja acheke. Hakucheka. Mjomba alikuwa nje, amekuja kumchukua, anampigia simu kumwambia afanye haraka.

Kesi ilipokwisha, seremala aliamriwa akitie kiti mguu. Alikileta mwenyewe mpaka ofisi ya vioo, akakiweka mbele ya meza ya Mshauri, akakitikisa. Kilikaa imara.

"Mguu," alisema. "Ndio nilioweza."

Siku chache baadaye wafadhili walituma mpiga picha. Alitaka picha moja tu: mwanafunzi akisaidiwa. Mkuu alitoka nje kutafuta mwanafunzi, akarudi peke yake, akijifuta jasho.

"Watoto wa siku hizi hawana shukrani. Kaa wewe, daktari. Mimi nitakaa kwako. Nani atajua?"

Mshauri akakaa kwenye kiti cha Ngongoti. Mkuu akaingia nyuma ya meza, akafumbata mikono, akainamisha kichwa upande na kuvaa uso wa huruma. Ulimkaa vizuri sana.

Nje, nyuma ya mgongo wa mpiga picha, binti mmoja alitokea kwenye kona na kiti kibovu mikononi. Alikuja polepole mpaka karibu na kioo. Akatazama ndani, akamwona aliyekaa mahali pa Mshauri. Akakitua kiti majanini, akakunguta viganja, akaenda zake. Mshauri alimfuata kwa macho mpaka kona.

"Hapo hapo, mama," mpiga picha alisema. "Uso huo huo. Usiubadilishe."