Kilo Kumi na Moja

Mume wangu ni karani wa masjala. Kazi yake ni kutafuta mafaili. Gari letu hutoka nyumbani saa moja asubuhi, hupanda na kushuka matuta tisa, na hufika ofisini kwake bila kuipita baiskeli hata moja. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo anakimbizana na nani?

Alijiunga na kundi la simu la wanaume wanaopunguza uzito wa magari. Vitambi vyao havimo kwenye mpango. Humo akafundishwa kwamba vile vyuma vya kiwandani vinavyoshikilia matairi ni mzigo wa bure, akaagiza vya alumini, pamoja na springi fupi na shokapu ngumu za mashindano. Jumapili nzima yeye na fundi walikuwa chini ya gari. Kila kilichofunguliwa kililetwa jikoni na grisi yake, kikawekwa kwenye mizani yangu ya unga.

Alasiri akatangaza kwamba gari limepungua kilo kumi na moja. Vyuma vya zamani akampa mnunuzi wa vyuma chakavu siku hiyohiyo, eti asije akashawishika kuvirudisha.

Mimi naoka keki. Wiki ile nilikuwa nimepata oda ya harusi katika ukumbi mpya, na mwenye ukumbi, mama mmoja asiye na masihara, alikuwa ameniambia waziwazi: ikifika nzima, keki zote za pale ni zangu, ikifika na ufa, tusijuane. Mwaka mzima nilikuwa naitafuta nafasi hiyo.

Jumatano nikalijaribu gari kwa keki ndogo. Kwenye tuta la kwanza meno yangu yaligongana. Baada ya la tatu nikafungua boksi, nikakuta makombo. Mume wangu alichovya kidole, akaramba, akanieleza kwamba gari sasa linaisikia barabara. Nikamjibu kwamba hata keki imeisikia.

Jumamosi asubuhi dereva wa teksi niliyemwagiza aliitazama keki ya ngazi nne, akasema hataki lawama, akaondoka zake. Harusi ilikuwa saa nne. Ukumbi uko mwendo wa nusu saa kwa miguu. Keki ile, pamoja na ubao wake, ilikuwa na kilo kumi na moja na ushee. Najua, kwa sababu kila ngazi huwa naipima kabla ya kuipandanisha. Nikamwita mume wangu.

"Baba watoto," nikamwambia, "zile kilo ulizolipunguzia gari nimeziona. Nyoosha mikono."

Akacheka. Aliponitazama usoni akaacha.

Basi akatembea. Mimi nilimfuata nyuma na gari, taa za tahadhari zikiwaka, asije akagongwa. Gari jepesi ajabu, tupu kabisa. Majirani walitoka kuangalia, na mmoja wa lile kundi lake akapita, akampiga picha. Kwenye kila tuta mume wangu alikunja magoti, akapanda polepole, akashuka polepole, na ubao haukutikisika. Shokapu bora kuliko hizo hajawahi kununua.

Keki ilifika nzima. Mwenye ukumbi aliizunguka mara mbili, akainamia kila ngazi, akatafuta ufa akakosa. Mume wangu alikuwa bado ameibeba, maana hakuna aliyemwambia pa kuiweka.

"Kazi umeipata," mama yule akaniambia. "Kila Jumamosi, saa tatu na nusu."

Tulirudi na gari, kila kokoto tukiisikia mgongoni. Tulipokaribia nyumbani mume wangu akaniuliza kwa upole, huku anatazama nje:

"Yule wa vyuma chakavu, unadhani ameshaviyeyusha?"