Ishara za Zainabu

Twaiba alikuwa mwanasaikolojia wa shule. Kazi yake ilikuwa kuzunguka madarasa ya elimu maalumu kuanzia Msambweni hadi karibu na mpaka, akikaa na watoto ambao walimu wao wameshindwa kuwaelewa, awapime, acheze nao, kisha aseme wasaidiwe vipi. Watoto wanaouma wenzao, wanaojigonga vichwa ukutani, wanaomaliza mwaka bila kutamka neno, wote alikwisha kuwaona. Kwa hiyo Mwalimu Gerishom alipompigia simu kutoka Majoreni kumwambia kuna mtoto anayemtia hofu, alifikiri mwalimu huyu ni kijana wa bara tu, hajaizoea kazi.

Gerishom alimpokea langoni, akamwambia yote kabla hawajafika kivulini.

"Anaitwa Mwanapili, madam. Haongei. Hiyo si shida, niko na wengine hawaongei. Shida ni vile anaenda huko nyuma kwa mikoko. Mara mbili tumemtoa kwa maji. Hii mara ya mwisho yalikuwa yamefika kifua, na halii, hata haogopi. Halafu akiwa darasani anaongea na mikono. Anaongea na kiti."

"Na kiti?"

"Kile cha dirishani. Hakuna mtoto hukaa hapo. Mwalimu mkuu anataka apelekwe shule ya bweni, mbali na bahari. Tunangojea neno lako."

Twaiba aliuliza mama wa mtoto anasemaje. Gerishom akamjibu kwamba wamehamia juzijuzi kutoka Mkongani, na kwamba huko mtoto hakuwa akitumia mikono ila kuomba chakula.

Watoto wengine walikuwa nje wakicheza. Twaiba akabaki darasani na Mwanapili, msichana wa miaka minane hivi, mwembamba, mwenye macho matulivu. Alisimama nyuma yake akachana karatasi taratibu, mtoto akageuka. Akamnong'oneza jina lake, akageuka tena. Masikio yalikuwa mazima. Lakini baada ya hapo mtoto alielekea dirishani, akainua mikono na kuanza kuzungumza kwa vidole, kama mtu ambaye hajawahi kusikia sauti maishani.

Twaiba aliijua vizuri lugha ya ishara ya viziwi. Hii haikuwa hiyo. Wala haikuwa kule kupungapunga mikono alikokuona kwa watoto wengi. Ilikuwa na mpangilio. Mtoto alisema, akanyamaza, akakitazama kile kiti cha dirishani kama anayesikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akajibu. Mara kwa mara alirudia jambo moja: anavuta ncha ya sikio, kisha anapitisha kiganja mbele yake kama anayefuta meza, kisha kidole kinachimba kiganja.

Twaiba akamwaga vitofali vya mbao mezani ili aone mtoto anavyofikiri. Mwanapili akavigawa mafungu mawili. Fungu moja akalisukuma mbali, upande wa dirisha. Kwa fungu lake akaanza kujenga mnara.

Kalamu ya Twaiba ikaanguka. Aliinama kuiokota, na aliponyanyuka minara ilikuwa miwili.

Ile meza ilikuwa ya mwalimu, pana. Mnara wa pili ulisimama kwenye ukingo wa upande wa pili, na Mwanapili alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani. Twaiba akaunyoosha mkono wake mwenyewe kutoka pale alipokaa mtoto. Haukufika. Akajiambia huenda aliinama kwa muda mrefu kuliko alivyodhani, mtoto akazunguka na kurudi. Maelezo hayo angeyakubali kutoka kwa mtu mwingine yeyote. Lakini hakutaka kutazama dirishani.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa mpishi wa shule, mama wa makamo aliyejifunga leso mbili, mkononi ana jagi la uji.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimewaletea..."

Hakumaliza. Mwanapili alikuwa anavuta ncha ya sikio. Jagi likalala upande na uji ukamwagika sakafuni, yule mama asiutazame.

"Nani kamfundisha?" akauliza. "Nani kamfundisha mtoto huyu mambo yangu?"

Twaiba alimkalisha kwenye benchi. Jina lake lilikuwa Hasina. Alizungumza huku macho hayabanduki kwenye mikono ya Mwanapili.

"Nilikuwa na binti, Zainabu. Alizaliwa kiziwi. Wakati huo hapa hapakuwa na darasa maalumu wala mwalimu wa ishara. Walimweka hapo dirishani apate kutazama nje. Mimi na yeye tukajitungia maneno yetu jikoni, ya mikono. Hayakujulikana na mtu mwingine. Hata baba yake alikuwa hayajui."

"Hilo la sikio ni nini?"

"Ndilo jina lake. Kipuli kilimchana sikio akiwa mdogo. Na huyu anasema..." Bi Hasina akajifunika mdomo, kisha akauachia. "Anasema Zainabu kamwambia, maji yametoka, twende tukachimbe tondo."

Twaiba alijua tondo, wale konokono wa matopeni ambao watoto huwaokota mikokoni bahari inapokupwa.

"Ndivyo alivyokufa," Bi Hasina akasema. "Walikwenda watoto wengi kuokota tondo. Maji yakaanza kujaa. Watu wakawaita, wenzake wakasikia wakakimbia. Yeye alikuwa ameinama, kawapa mgongo. Walimwita mpaka sauti zikawakauka. Mimi nilikuwa nimekwenda Vanga siku hiyo. Tulimpata maji yalipotoka, tukamzika."

Ndipo Twaiba alipogeuka na kuona kiti cha Mwanapili ni kitupu, na mlango wa nyuma uko wazi.

Walikimbia pamoja, Gerishom akiwafuata mbio kutoka uwanjani. Jua lilikuwa la utosi na pale mikokoni palikuwa peupe, kila jani likionekana, lakini hapakuwa na ndege wala sauti ya mdudu. Maji yalikuwa yanajaa kwa kasi, yakipenya katikati ya mizizi. Mwanapili alikuwa ameshaingia hadi mapajani. Mkono wake mmoja ulinyooshwa mbele, juu kidogo, vidole vimekunjwa, kama mtoto anayeongozwa na mwenzake aliyemzidi kimo.

"Mwanapili!" Gerishom akaita.

Mtoto hakugeuka.

"Usimwite," Bi Hasina akasema. "Anayemwongoza hasikii."

Aliingia majini na leso zake. Hakumfuata mtoto kwa nyuma. Alizunguka kwenye matope hadi akafika mbele yao, mahali ambapo mtu aliyeinama angeinua uso na kumwona. Kisha akainua mikono. Twaiba hakuzijua zile ishara, lakini alizielewa, kwa jinsi zilivyotoka kwa nguvu, kubwa na za wazi: Maji yanajaa. Rudi. Mama amekuja. Rudi, mwanangu.

Akazirudia. Akazirudia tena, machozi yakimtiririka, bila kutoa sauti.

Mkono wa Mwanapili ukaanguka ubavuni. Mtoto akakitazama kiganja chake, na kwa mara ya kwanza akalia. Gerishom alimbeba kutoka majini. Bi Hasina alibaki pale amesimama. Twaiba aliona pembe ya leso yake, iliyokuwa imelowa na kumganda mguuni, ikivutika upande, ikakaa hivyo imekazwa, kama inavyokazwa na mtoto anayejificha kwa mama yake. Upepo haukuwapo.

"Twende nyumbani," Bi Hasina akasema kwa mikono.

Twaiba alishauri Mwanapili abaki Majoreni karibu na mama yake, afundishwe lugha ya ishara ya kweli, na uwekwe ua upande wa bahari. Sababu alizoziandika zilikuwa sahihi zote. Mengine hakuyaandika.

Aliporudi muhula uliofuata, watoto wawili walikuwa wakigombania kiti cha dirishani. Mwanapili alimsalimu kwa ishara alizofundishwa, akamwonyesha neno la mama, la maji, la njaa. Zile za zamani hakuzikumbuka. Twaiba alipovuta ncha ya sikio kumjaribu, mtoto alimcheka tu.

Kabla ya kuondoka alipita jikoni kumuaga Bi Hasina. Alimkuta ameketi peke yake kando ya sufuria, mikono yake ikisema jambo fulani mbele yake, kwa mtu wa kimo cha mtoto. Bi Hasina akatulia kidogo, akitazama palepale mbele yake. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyejibiwa.

Twaiba alirudi nyuma polepole asiwakatize.