Abee kwa Mashine

Tangu saa mbili asubuhi mpiga picha wa mishipa alikuwa akizunguka wodi baada ya wodi akiomba kanula moja nene, kile kibomba cha kupitishia dawa mshipani. Bohari ilikuwa imemletea nyembamba tupu, na wiki iliyopita hizo zilimharibia picha tatu: dawa ya kung'arisha mishipa ilipita ndani yake kwa kuchechemea, na mishipa ikatoka hafifu kama penseli iliyofutwa. Hatimaye wodi ya wazazi ilimhurumia. Akarudi na kanula yake, akitembea kama aliyeshinda uchaguzi.

Mezani alikuta fomu ya msimamizi. Iliuliza sababu ya kila picha kuharibika, na kwa kila moja kulikuwa na kisanduku kimoja tu: *Mgonjwa alitikisika*.

Akaiacha, akamlaza mgonjwa wake, bibi mshonaji wa sare za shule. Mara mbili mwezi huo mkono wa bibi ulikuwa umelegea hadi mkasi ukamponyoka. Daktari wa upasuaji alitaka kuuona mshipa wa shingo upelekao damu kwenye ubongo kabla ya kesho. Chupa ya dawa ilikuwa moja. Nyingine ingekuja, pengine, mwezi ujao.

"Tujaribu kwanza bila dawa," alisema, akaenda nyuma ya kioo.

"Vuta pumzi. Ibane," mashine iliamuru.

"Abee," bibi akaitika.

Kwenye skrini shingo ilionekana kama imechorwa mara mbili.

"Bibi, hiyo ni sauti iliyorekodiwa. Haingoji jibu."

"Najua, mjukuu wangu. Ila mimi nimelelewa. Nisemeshwe, ninyamaze kama gunia?"

Walirudia. "Abee," bibi alisema, safari hii kwa adabu zaidi.

Mpiga picha akarudi kitandani. "Ukikunja pindo, pini unaziweka wapi?"

"Midomoni. Wapi tena?"

"Na mteja akikusalimu?"

"Asubiri. Nikifungua kinywa nitazimeza."

"Basi sasa unazo tano midomoni. Za kufikiria tu; chuma halisi kitaniharibia picha. Dawa ikiingia utahisi joto hadi chini, utadhani umejikojolea."

"Kwa umri huu, mwanangu, sitakuwa na hakika."

Dawa ikasukumwa kwa kasi kupitia kanula nene. Mashine ikaamuru. Bibi akabana midomo, macho ameyakaza darini. Mshipa ukajitokeza mweupe toka kifuani hadi taya, na pale ulipobanwa pakaonekana wazi.

"Pumua."

"Abee," bibi akasema, na pini zote zikamwagika.

Msimamizi alikuwa mlangoni, boksi mkononi. "Tia tiki, dada. Ni utaratibu tu. Nimekuletea na kanula mpya."

Mpiga picha alifungua boksi. Nyembamba.

Akachukua rula, akachora kisanduku kingine kilichonyooka chini ya kila kimoja, akaandika ndani yake *Kanula nyembamba*, akatia tiki tatu na sahihi yake kamili.

"Hicho hakimo kwenye fomu."

"Sasa kimo."

Akaikunja fomu, akaitia ndani ya boksi, akamrudishia.

"Vipeleke pamoja, kaka. Vinafahamiana."