Mtani wa Mwalimu Mwenze

Nusu ya ubao ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi. Mwalimu Constantin Mwenze alichovya kitambaa katika sufuria ya makaa yaliyosagwa na maji ya majani ya muhogo, akapaka kutoka juu kwenda chini, mstari kando ya mstari, bila kurudi nyuma. Ndivyo alivyofundishwa kupaka ubavu wa meli: ukirudi nyuma kabla rangi haijakauka, unaibandua.

Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamekwenda nyumbani, na mtaa wote wa Katuba ulinuka moshi wa chakula cha jioni. Darasa hilo lilikuwa na watoto sabini na ubao mmoja tu. Kwa hiyo Mwalimu aliwagawa zamu mbili kama mabaharia. Zamu moja huandika ubaoni, nyingine husoma kwa sauti, kengele ikilia wanabadilishana. Mpango huo aliutoa kwenye meli ya vita ya serikali, katika ziwa Tanganyika, wakati wa vita vya mwaka 1914. Alikuwa kijana wa Kirungu, mtoto wa mchoma matofali wa misioni, na kazi yake melini ilikuwa kutia kuni tanuruni. Herufi alizijulia hukohuko: fundi wa mashine alimwandikia kwa chaki kwenye sanduku la kuni. Vita vilipokwisha, reli ilimleta Élisabethville, naye akaanza kuwafundisha wengine kama alivyofundishwa.

"Hodi! Weye samaki, uko ndani?"

Aliyeingia alikuwa Mama Germaine Chileshe, muuza sombe, na beseni la majani hayo ya muhogo kichwani. Mwalimu alikuwa wa ukoo wa samaki, Germaine wa ukoo wa mamba. Watu wa koo hizo ni watani tangu mababu. Wakikutana hutukanana, na mmoja akifa, mwingine ndiye anayemzika.

"Minakuletea majani," alisema, akitua beseni. "Lakini eleza kwanza: samaki anapanda meli sababu ya nini? Maji ilikushinda?"

Mwalimu aliendelea kupaka. Germaine akamwinamia usoni.

"Weye, uko mgonjwa?"

"Mon père mkurugenzi wa shule alikusikia Jumatatu," Mwalimu alisema polepole. "Pale kwenye lango. Ulisema mimi ni mwongo, sikupanda meli hata siku moja, nilikuwa naosha masufuria ya bazungu. Anafikiri wazazi wananishtaki. Kesho darasa anampa Paulin, yule mwalimu kijana. Mimi nitalinda stoo ya chaki."

Germaine aliketi kwenye dawati la mtoto, na dawati likalia.

"Minaenda kumwambia sasa hivi! Nitasema ilikuwa utani tu."

"Akituita pamoja je? Utafuta matusi yako mbele yangu?"

Mtani anayemeza maneno yake mbele ya mtani mwenzake amekata utani. Na utani ukikatwa, siku ya msiba hakuna wa kushika jembe.

Hawakupata muda wa kufikiri zaidi. Kanzu nyeupe ilisimama mlangoni. Padri mkurugenzi alikuwa na miezi michache tu Kongo, na Kiswahili chake alikitoa katika kitabu.

"Ni vema ninyi nyote mpo," alisema. "Mama, nilikusikia. Mtu huyu ni mwongo?"

Germaine alimtazama Mwalimu. Mwalimu aliitazama sufuria.

"Mwongo kabisa, mon père."

"Hakufanya kazi melini?"

"Alifanya! Alitia kuni mubaya, ile meli ikatembea kama bata muzee."

Padri alikunja uso. "Na kazi yake hapa?"

"Hapa ndiyo ameniharibia kabisa!" Germaine alisimama, mikono kiunoni. "Mutoto wangu wa kwanza alipita mu mikono yake. Sasa ananisomea misa, nikikosea ananisahihisha mbele ya batu. Wa pili, ni vilevile. Huyu wa tatu, Claudine, hajamaliza hata mwaka, anasoma kila kibao mu njia. Tunaenda ku soko, anasoma bei ndogo ya jirani kwa sauti, banunuzi bangu banakimbilia kule! Biashara imekufa, mon père. Juu ya huyu samaki!"

Mwalimu aligeukia ubao, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Basi," padri alisema kwa uangalifu, "unataka Claudine aende kwa Mwalimu Paulin."

"Kwa Paulin? Yule mutoto muzuri, mwenye adabu?" Germaine alishtuka kweli. "Na mimi asubuhi nitamutukana nani?"

Padri alimtazama mwanamke, akamtazama mzee mwenye mikono myeusi hadi viwiko.

"Mwalimu, mama huyu ni adui yako?"

"Hapana, mon père. Huyu ndiye atakayenizika."

"Na nitachimba kashimo kadogo," Germaine aliongeza, "kama ya samaki."

Padri alivua kofia, akajipepea. Ilionekana hakuelewa yote, ila alielewa kwamba Jumatatu hakuelewa chochote.

"Paulin atangoja," alisema mwishowe. "Kesho asubuhi nitakaa hapa nyuma, niwasikie watoto wenyewe. Halafu nitaamua."

Alipoondoka, Germaine alianza kutwanga majani ya rangi bila kuombwa. Mwalimu alipaka nusu iliyobaki, mstari kando ya mstari, mpaka mwanga ukapungua dirishani. Aligusa ukingo wa juu kwa kidole. Ulikuwa bado mbichi.

"Rangi inataka kupakwa mara ya pili," alisema. "Leo haiwezekani. Nitawahi alfajiri."

"Wahi kweli, weye mwosha sufuria," Germaine alijibu, akifunika sufuria kwa jani la ndizi. "Mimi nitamleta Claudine mapema. Na mulango usifunge, nitasimama hapo nisikie."