Mtoto Mpole

"Nesi, mjukuu wangu mpole jamani," bibi alisema. "Tangu azaliwe hajatusumbua hata kidogo."

Mikono yangu bado ilikuwa tumboni kwa mkwewe, nikilikanda tumbo ili damu isianze tena. Asubuhi yote nilipambana na damu ile peke yangu, na ndiyo kwanza ilikuwa imekata. Mtoto alipotoka nilisikia kilio kidogo, nikamkata kitovu, nikamviringisha nguo na kumkabidhi bibi yake aliyekaa karibu na dirisha. Mama yake alikuwa amezirai, hakusikia kitu.

Neno "mpole" lilinikata maini. Watu hulipenda mno. Mtoto asiyelia huitwa mwenye adabu, na kila upande wa ukoo hudai amewafuata wao. Mimi nalichukia. Mtoto aliyezaliwa leo ana njaa, ana baridi, ana hasira, huo upole ataupata wapi?

Nikaenda kumfunua. Miguu ilikuwa ya baridi, midomo imefifia. Nilimgusa shavu, hakugeuka kutafuta ziwa. Pumzi ilikuja, ikakawia, ikaja.

"Si amelala tu?" bibi aliuliza, sauti imeshamwisha.

"Hajalala, mama. Anapoa."

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, na ile taa ya kupashia watoto joto ilikuwa pambo tu. Mama yake alikuwa akitetemeka chini ya mablanketi yote tuliyokuwa nayo, dripu mkononi, nusu yupo nusu hayupo. Mimi sikuweza kumwacha.

"Vua blauzi, mama."

"Mimi? Mtu mzima na heshima zangu? Mlango wenyewe hauna komeo, na wanaume wamejaa hapo nje!"

"Vua, au nikuvulie! Heshima utaivaa baadaye."

Alivua. Alivuta kwa pupa hadi kifungo kikang'oka. Nikamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, nikamvika kofia, nikawafunga pamoja kwa koti langu. Nikamwambia amsugue mgongo, asiache.

Nikarudi kwa mama wa mtoto, macho yangu yakabaki kwa bibi pale dirishani. Niliogopa. Niliogopa hadi nikaanza kugombana na dripu, na umeme, na nzi. Bibi alikuwa akisugua na kunong'ona, "Pumua, mume wangu. Mume gani wewe, umekuja leo unataka kuniacha leo?" Jasho lilimtiririka hadi kidevuni na hakuthubutu kulifuta.

Kisha akaacha kunong'ona.

"Nesi. Hatikisiki."

Sijui nilifikaje pale. Nilimpiga nyayo kwa vidole, nikamsugua mgongo kwa nguvu, nikitamka maneno ambayo sitayarudia mbele ya watu. Bibi alifumba macho. Halafu kile kiuso kikakunjamana, kikawa chekundu, na mtoto akalia kilio cha kukwaruza, kama mtu aliyedhulumiwa.

Hatukuthubutu hata kutazamana. Tulisimama tu tukimsikiliza, tukiomba asinyamaze. Bibi alikuwa analia naye, kifua wazi, na mlango ukafunguliwa na upepo na hakujali.

Kitandani, mama aligeuza kichwa taratibu.

"Maskini," alisema kwa unyonge. "Mtoto wa nani huyo analia hivyo?"