Mguu wa Shemeji

Fundi alikuwa amefungua breki za watu kwa miaka ishirini na saba, na alijisifu kwamba akishika pedi zilizolika anaweza kukueleza dereva wake ni mtu wa namna gani. Za mwoga hung'aa kama kioo. Za mwenye pupa huungua kingo. "Mguu wako naujua kuliko mkeo," alizoea kuwatania wateja.

Gari la umeme la dada yake halikumwambia kitu. Lilikuwa la marehemu mumewe, mpima ardhi, aliyefariki kwa maradhi kitandani kwake miezi kumi na moja iliyopita. Miaka sita barabarani, na pedi bado nene kama za jana, diski zimeshika kutu. Hilo halikumshangaza. Kwenye magari hayo ukiinua mguu kwenye mafuta (Fundi bado aliita mafuta, ingawa tangi halikuwepo), mota yenyewe hugeuka dainamo, hurudisha umeme kwenye betri na kulizuia gari. Breki hukaa tu kama mlinzi aliyelala.

"Kwani lina nini?" alimuuliza dada yake.

"Liendeshe kwanza, kaka. Sitaki kukutia maneno mdomoni."

Akaliendesha. Alipokaribia tuta la mbele ya karakana aliinua mguu. Gari halikupunguza mwendo kwa mvuto mmoja. Lilizuia kidogo, likaachia, likazuia tena, kama mtu anayebisha hodi, kisha likashika na kutulia. Miaka mingi alikuwa amekaa kando ya shemeji yake, wakienda misibani na harusini, na hivyo hasa ndivyo marehemu alivyokuwa akifunga breki.

Akajiambia ni kompyuta, labda imekariri uendeshaji wa marehemu. Lakini alijua betri ikijaa pomoni haina pa kuweka umeme zaidi, kwa hiyo mota huacha kuzuia. Gari huteleza bure mpaka dereva akanyage breki. Akalichaji hadi mwisho. Saa sita mchana, jua la utosi, akalipandisha kwenye mteremko wa nyuma ya kiwanda cha matofali. Barabara ilikuwa tupu. Akaliachia.

Mwanzoni liliteleza kama alivyotarajia, kimya, upepo tu dirishani. Miguu yake yote miwili ilikuwa imetulia sakafuni; aliitazama ili awe na hakika. Akiwa bado anaitazama, pedali ya breki ikashuka yenyewe. Ikapanda. Ikashuka tena, ikapanda. Kisha ikazama taratibu na kubaki chini, hadi gari likasimama pembeni ya barabara, sawasawa kabisa, bila mtikisiko.

Fundi akatoka na kuchuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Ndani ya rimu diski ilikuwa inang'aa, kutu yote imefutika, na joto lake likampiga usoni. Akampigia dada yake simu, akamngoja akiwa ameketi juu ya jiwe, ameligeuzia gari mgongo.

Dada alifika kwa teksi. Akamtazama tu usoni, akajua.

"Umeona mtu?" aliuliza.

"Sijaona mtu. Nimeona pedali."

"Basi. Nilitaka tu kujua kama nimerukwa na akili."

"Hujarukwa. Au tumerukwa sote wawili." Fundi akainuka kwenye jiwe. "Dada, naweza kuing'oa kompyuta yote, niweke nyingine. Au tuliuze."

"Miaka kumi na minane nilimgombeza kwamba anaendesha kama anabeba mayai," alisema dada. "Usiguse kitu."

Akaingia, akasogeza kiti mbele, akafunga mkanda. Kabla ya kuondoka alisema kwa sauti ya chini, wala si kwa kaka yake, "Haya, twende."

Aliliendesha miaka mingine minne, na hakuna baya lililompata. Fundi hakulipanda tena. Familia ikisafiri, yeye hutangulia kwa basi, na wapwa wakimuuliza kwa nini huwajibu kwamba viti vya gari la mama yao vinamuumiza kiuno.